Akiba ya Kidole Kimoja

Fundi alisema hapandi ndege, na alipolisema hilo alikuwa na pini tatu mdomoni, kwa hiyo ikabidi azitoe moja moja, azichomeke kwenye kifuko chake cha pini, kisha alirudie upya.

"Nimesema sipandi. Mmenisikia sasa, au nitoe na meno?"

Mwanawe na mkwewe walikuwa wamemsikia tangu mara ya kwanza, pini na yote. Walikuwa wamesimama mlangoni mwa chumba chake cha kushonea, Mchapaji akiwa na wino wa kiwandani chini ya kucha, mkewe Mwalimu akiwa bado amekumbatia kikapu cha chaki na maumbo ya karatasi ya watoto wake wa chekechea. Barua ya hospitali ilikuwa imesomwa kwa sauti mara mbili. Ilikuwa fupi, haina utani. Kitanda kimepatikana. Daktari wa macho atampasua Jumatatu ya wiki inayofuata ile ijayo, katika mji ambao kwa barabara ni safari ya siku tatu za mashimo, na mashimo alikatazwa kabisa, maana mtikisiko mmoja mbaya ungeng'oa hata kile kidogo kilichobaki ndani ya jicho. Chama cha hisani kimelipia tiketi mbili za ndege, ya mgonjwa na ya msindikizaji. Asipofika, kitanda atapewa mwingine, na zamu yake itarudi baada ya miaka miwili.

Miaka miwili hakuwa nayo. Jicho la kushoto lilikwisha zima kitambo. La kulia liliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayeingia, na kila mwezi dirisha lenyewe lilizidi kuwa dogo. Alikuwa na miaka sitini na minane, arobaini na mitano ameimaliza juu ya cherehani, na bado aliweza kupinda pindo kwa vidole vitupu likanyooka kuliko la mtu mwenye miwani. Lakini wateja walikuwa wakipungua, tena kwa adabu, kila mmoja na udhuru wake, na hiyo adabu ndiyo iliyomuuma.

"Mama, ni saa moja na nusu tu hewani," Mchapaji akasema.

"Suruali huchanika kwa sekunde."

"Ndege hazichaniki, mama."

"Nani kakwambia? Ulizishona wewe?"

Wa kulaumiwa hapa alikuwa jirani yao, mtu mwema ambaye mdomo wake haujui likizo. Alisafiri kwa ndege mara moja tu maishani, miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenda kumzika shemeji, na tangu siku hiyo hajaacha kusimulia, mpaka watu wakamwita Abiria na jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Siku moja kabla ya barua, Abiria alileta suruali itiwe kiraka, akasikia kwamba wanangoja habari ya safari ya ndege, akaona ni vyema amwandae Fundi kisaikolojia.

"Kitu kimoja tu usishtuke nacho, Fundi," akamwambia. "Bawa linacheza."

"Linacheza namna gani?"

"Juu, chini, juu, chini. Nilikaa nalo dirishani safari nzima. Linapunga kabisa, utadhani linaaga watu."

Fundi aliiweka sindano chini. Kwa Fundi, bawa ni mkono wa nguo, na mkono unaocheza ni mkono ulioungwa vibaya kwapani. Katika miaka yote arobaini na mitano hakuna mtu aliyewahi kurudi kwake na kwapa lililoachia. Sasa leo aambiwe akae ndani ya nguo ya aina hiyo, tena juu ya mawingu.

"Basi sikilizeni," akawaambia wale wawili mlangoni. "Mimi si mkaidi. Nionyesheni bawa linavyoungwa. Nikiushika mshono kwa vidole vyangu nikaridhika, nitapanda. Nisiporidhika, habari ya kitanda isizungumzwe tena humu ndani."

Akarudisha pini mdomoni, na mazungumzo yakafungwa rasmi.

Jumatatu Mchapaji alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na saba ya kazi: alichapa kitu cha kwake. Michoro aliipata mtandaoni, kazi ya mtu asiyejulikana mwenye subira ya kutisha, anayezigeuza ndege za kweli kuwa kurasa za kukata, kukunja na kugandisha. Ilikuwa ndege ya aina ileile iliyotajwa kwenye tiketi, imepunguzwa mara hamsini, kurasa kumi na mbili, vipande mia mbili na kumi na kimoja. Akaichapa kwenye masalio ya karatasi ngumu ya majalada ya vitabu, akiiba dakika za chakula cha mchana.

Ukurasa wa tisa ulikuwa ukitoka alipogundua kwamba mkuu wa zamu yuko nyuma yake, naye hakuwa mtu wa kupita tu.

"Hii kazi ya mteja gani?"

"Ya mama yangu, mkuu."

"Mama yako kafungua shirika la ndege?"

Zamu nzima ilicheka. Mkuu akazima mashine ili asikie vizuri, na Mchapaji, mtu mzima mwenye mvi mbili, akalazimika kusimama katikati ya sakafu akieleza mbele ya wenzake habari ya jicho, ya kitanda, ya bawa linalocheza na ya mshono.  Alipofika kwenye pini tatu mdomoni vicheko vilikuwa vimegeuka vya namna nyingine, na mfunga vitabu aliyekuwa pembeni alikuwa anajifuta machozi. Mkuu wa zamu aliushika ukurasa mmoja, akaupinda kidogo, akaugeuza.

"Usikunje kwa vidole, utavunja karatasi," akasema kwa sauti ileile ya kugomba. "Chukua mfupa wa kukunjia pale juu. Na urudishe."

Akawasha mashine akaenda zake. Kuanzia saa hiyo Mchapaji aliitwa Kapteni kiwanda kizima, na hakuona ubaya wowote.

Jioni ile meza ya chakula ikawa karakana. Mwalimu aligawa kazi kwa sauti yake ya darasani, na mumewe akajikuta anakaa wima bila kuambiwa. Yeye Mwalimu ndiye mwenye mkasi, kwa sababu anaishi na mkasi; mumewe apewe mfupa, rula na gundi, na asiguse kingine. Ndani ya saa moja Mchapaji alikuwa na gundi kwenye nyusi, na pete ya injini imemganda kidole cha kati ikakataa kutoka.

"Vuta taratibu," mkewe akasema.

"Navuta taratibu."

"Huko si kuvuta, unaipigia saluti."

Walicheka mpaka ikabidi injini yenyewe ichapwe upya kesho yake. Hata hivyo kitu kilikuwa kinaota pale mezani. Pete za kiwiliwili zilipangwa zikawa pipa, pipa likapata pua, pua ikapata vidirisha vidogo vya rubani. Mwalimu akaanza kurudi nyumbani mbio mbio akiacha vikao vya walimu. Mchapaji, ambaye kwa kawaida hukata roho kwenye kiti chake akishafika tu, alikuwa anaingia mlangoni akiuliza, "Mkia umekauka?" Ilikuwa miaka mingi tangu watu wale wawili wakae upande mmoja wa meza wakigombania kitu kisicho na maana yoyote, na raha yake iliwalevya.

Fundi aliyasikia yote hayo kutoka chumbani kwake. Alivumilia Jumatatu, akavumilia Jumanne. Jumatano alikuja mwenyewe, akipapasa ukuta, akavuta kiti.

"Mnacheka nini kila siku kwa ajili ya ndege yangu?"

"Tunaishona, mama," mkwewe akasema.

"Nipeni bawa."

Wakatazamana. Mchapaji alichukua kalamu iliyoishiwa wino, akapita nayo juu ya mistari yote ya bawa la kulia akikandamiza, mpaka karatasi ikapata mifereji ambayo kucha inaweza kuifuata. Fundi alipitisha ukucha wa kidole gumba mara moja, akatikisa kichwa akaomba mkasi wake mwenyewe, ule mzito wa kitambaa ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kukatia karatasi tangu dunia iumbwe. Akakata. Mkasi haukusita hata mara moja, ulikwenda mkato mmoja mrefu kutoka shina mpaka ncha, ukageuka, ukarudi. Akalikunja, akaligandisha, akaliweka mezani mbele yao akiwa amenyanyua kidevu.

"Nyie watoto, siku tatu kwa pipa moja. Haya, bawa hilo."

Alikwenda kulala akiimba kwa sauti ya chini, kitu ambacho hakikusikika nyumba ile tangu jicho la pili lianze ukungu. Mwanawe aliisikia sauti ile akainamia meza kwa dakika nzima, eti anatafuta kifuniko cha gundi.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mchapaji aliyalinganisha mabawa mawili.

Bawa la kushoto, alilokata Mwalimu, lilikaa kwenye nafasi yake vizuri. La kulia halikuingia. Lilikuwa pana zaidi, refu zaidi, na shina lake lilikuwa limenenepa likagoma kabisa kwenye tundu. Aliligeuza huku na huku asielewe. Mkewe ndiye aliyeona: pembezoni mwote, nje ya mstari, mlikuwa na ukingo wa ziada uliokatwa kwa usawa wa ajabu, upana wa kidole kimoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Ameacha akiba," Mwalimu akanong'ona. "Ya kushonea."

Bila shaka aliacha. Kwa Fundi mstari ni mahali pa kupitisha sindano. Mkasi hupita nje yake, kidole kimoja, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyokata nguo za watu kwa miaka arobaini na mitano. Michoro ilikuwa na vijisikio vyake vya gundi tayari, kwa hiyo sasa bawa lilikuwa na akiba juu ya akiba.

Wangemwambia? Mchapaji alifikiria kidevu kile kilichonyanyuliwa, akafikiria ule wimbo. Akafikiria pia ndege yenye bawa moja kubwa na moja dogo ikiwekwa mikononi mwa mwanamke anayetafuta sababu ya kutokwenda. 

"Tukate jingine," akasema. "Hatajua."

Jamani, mtu akae na mama yake miaka arobaini na mmoja kisha aseme hatajua. Ukurasa ulichapwa tena, Mwalimu akaukata shuleni watoto wakiwa wamelala mchana, na jioni bawa jipya lilikuwa limekaa mahali pake, zuri, sawasawa na mwenzake. Wakamwita Fundi aje kushika.

Vidole vyake vilianza puani, vikapita vidirishani taratibu, vikafika kwenye bawa la kulia. Vikasimama.

"Hili si bawa langu."

Mwalimu akamtazama mumewe.

"Mimi nilikata mkato mmoja. Hapa kuna vijimkato vifupi vifupi, vya mtu aliyezoea kukatia watoto pembetatu. Mkwe wangu, hii kazi yako."

"Mama..." Mwalimu akaanza.

"Langu liko wapi? Mmelitupa?"

Lilikuwa kabatini, nyuma ya sukari, lakini hakuna aliyeinuka kulileta. Fundi aliisukuma ndege ikarudi katikati ya meza. Hakupandisha sauti, na afadhali angeipandisha.

"Nikienda huko nikafunguliwa bandeji, halafu nione kiza, mtaniambia ni umeme umekatika. Si ndivyo? Bawa la karatasi mmenidanganya, la chuma mtanidanganyaje? Wateja wangu wananipunja kwa adabu, nimezoea. Sikujua na ninyi mmejiunga nao."

Akaondoka akipapasa ukuta. Mlango wake ukafungwa polepole, na usiku huo hakuna aliyekula vizuri katika nyumba ile. Mchapaji alijiona mjinga, kisha akajiona mbaya, na la pili ndilo lililomkaa.

Ijumaa hakwenda kazini. Alibisha mlango wa mama yake asubuhi kweupe, akaingia akiwa amebeba mabawa mawili, akapiga magoti kwenye vitambaa vilivyotapakaa sakafuni.

"Mama, nimekudanganya. Hili hapa lako. Hili ni la Mwalimu. Yashike mwenyewe, sitasema neno."

Fundi alimaliza kwanza pindo alilokuwa akilishona. Kisha akanyoosha mikono. Aliyaweka mabawa moja juu ya jingine, akapima kwa ncha ya kidole pembeni, akasogea, akapima tena, akazunguka mpaka aliporudi alipoanzia.

"Kidole kimoja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kote."

"Kote."

"Nimeiachia ndege akiba ya kushonea."

Kwanza yalitikisika mabega. Kisha kikatoka kicheko ambacho Mwalimu alikisikia jikoni akadhani ni kilio, akaja mbio na mwiko mkononi, akawakuta mtu na mama yake wameegemeana, mmoja anapiga paja la mwenzake, hawawezi kusema. Kila Fundi alipotaka kuacha alitamka "akiba" na wakaanza upya. Mwalimu alikaa palepale sakafuni akacheka nao kabla hata hajajua wanacheka nini.

"Na ninyi," Fundi akasema hatimaye, akijipangusa, "mmekata juu ya mstari? Bila chochote?"

"Ndivyo michoro inavyotaka, mama."

"Ndiyo maana bawa linacheza. Sasa hiyo ndege ikinenepa mtaifungulia nini?" Akamtafuta mwanawe kwa mkono, akamshika sikio, akalivuta kidogo. "Usinifiche tena kitu. Hata kikiwa kibaya. Hasa kikiwa kibaya."

"Sitakuficha, mama."

"Haya. Kateni la kushoto upya lifanane na langu. Na tundu lipanuliwe. Nitaliunga mimi."

Mwalimu naye akaomba ruhusa shuleni, na kutwa nzima wakafanya kazi watu watatu. Fundi alizikunja akiba zote kwa ndani, akazipaka gundi, na kwa kuwa gundi hakuiamini hata kidogo, alipitisha uzi wa katani uliopakwa nta kutoka shina la bawa moja, kupitia tumboni mwa ndege, hadi shina la jingine, akarudi nao, akaenda tena. Mchapaji aliona sindano ikitoboa kiwiliwili alichokipiga pasi kwa mfupa siku nne, akauma mdomo. Jioni ndege ilikuwa imekamilika, mabawa yake mapana kupita kiasi, imejaa kifua utadhani imevaa koti la baba yake.

Fundi aliyavuta mabawa, akasikiliza.

"Sasa tuirushe," akasema.

"Mama, hii si ya kurushwa. Ni ya kuangalia tu."

"Kuangalia kwa macho yapi?"

Jumamosi asubuhi habari zilikuwa zimefika uani kabla ya ndege. Majirani walitoka na ndoo zao, na vikombe vyao vya chai, na shingo zao ndefu. Abiria alivaa suruali yenye kiraka kipya akatangaza kwamba, kwa kuwa ni yeye peke yake hapa aliyewahi kuwa hewani, atairusha yeye. Hakuna aliyepata hoja ya kumpinga. Akapanda juu ya jukwaa la tangi la maji, Mchapaji akampandishia ndege kwa mikono miwili, na Fundi akawekewa kiti katikati ya ua, mikono mapajani, uso umeelekea juu ambako haoni kitu. Tiketi zilisema kesho, saa tatu asubuhi.

"Abiria wote wafunge mikanda," Abiria akasema kutoka huko juu, na watoto wa majirani wakapiga makofi.

Akairusha kwa nguvu zake zote. Ndege ilikwenda mbele hatua mbili hivi, ikaonekana inafikiria, kisha ikainamisha pua ikashuka wima mpaka kwenye saruji. Mlio wake ulikuwa mkubwa kuliko ilivyotarajiwa kwa kitu cha karatasi. Injini moja ilitumbukia kwenye ndoo ya mtu.



"Imetua?" Fundi akauliza.

Watu walitazama angani, walitazama miguu yao. "Imetua kwa haraka kidogo, Fundi," Abiria akasema kwa unyonge.

Mchapaji aliiokota.  Angeweza kusema upepo. Angeweza kusema imegonga tangi, na ua mzima ungemuunga mkono, maana kila mtu alikuwa anamwomba kwa macho aseme hivyo. Akaenda akachuchumaa mbele ya kiti cha mama yake.

"Imeanguka, mama. Haikuruka kabisa. Pua imepondeka, mkia umepinda, na injini moja iko kwenye ndoo."

"Nimesikia. Macho ndiyo mabovu, masikio bado yangu. Lete hapa."

Alianza na pua akaguna. Akapita kwenye mkia. Halafu vidole vikaingia kwapani, pale bawa la kulia linapokutana na kiwiliwili, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliye kazini. Alivuta. Akavuta tena kwa nguvu, akiwa amekaza taya. Akahamia la kushoto, akavuta, akalipinda, akalisokota. 

"Haujaachia," Fundi akasema. "Hata uzi mmoja."

"Lakini mama, imeanguka."

"Imeanguka kwa sababu kairusha huyu mwenda mazikoni. Mimi nilisema nataka kuujua mshono. Kitu kimepigwa chini kwenye saruji kwa kichwa, na mshono upo. Unataka nini tena?" Akasimama, akalipangusa gauni. "Mkwe wangu, nipigie pasi lile la buluu. Nitapanda."

Hakuna mtu hata mmoja uani pale aliyethubutu kumweleza ni upande gani wa jambo lile uliopaswa kumtisha. Mwalimu alikuwa tayari anakimbilia pasi.

Jumapili Mwalimu aliwaacha kwenye lango la kioo, akamkumbatia mama mkwe, akamrekebishia mumewe kola, akaondoka haraka asije akalia. Mama na mwana wakafuata mstari wa watu hadi nje, kwenye uwanja wa lami, ambako ndege ilikuwa inangoja na mlango wazi na ngazi imeshushwa.

Mchapaji alijua mama yake atasimama. Alikwisha andaa maneno, na subira, na hata hoja ya tatu kama mbili za kwanza zitashindwa. Lakini Fundi alitembea tu, ameshika kiwiko cha mwanawe, gauni la buluu linapepea, anauliza kama chai ya humo ndani inatolewa na maziwa. Yeye alikwisha ridhika tangu Jumamosi. Aliyesimama alikuwa Mchapaji.

Walikuwa hatua kumi kutoka kwenye ngazi alipoinua macho akaiona nzima. Kwa siku tano alikuwa ameikata ndege hii, ameikunja, ameipaka gundi pete kwa pete, na kati ya watu wote waliokuwa kwenye foleni ile ni yeye aliyejua kwamba ndani ni tupu. Ganda, kisha hewa, kisha ganda. Pipa la watu lenye vidirisha. Hakuna mtu aliyemuuliza kama yeye anaogopa, na katika pilikapilika zote hata yeye hakukumbuka kujiuliza.   Jasho lilimtoka chini ya kola iliyonyooshwa na mkewe, na abiria waliokuwa nyuma wakaanza kuwapita pembeni wakimtazama.

 Mkono wa Fundi ulikuwa kwenye kiwiko cha mwanawe, na vidole vile vilivyoshika vitambaa vya kila aina vilikwisha jua.

Mhudumu wa ndege, msichana mwenye tabasamu na karatasi mkononi, alishuka ngazi akawafuata.

"Karibuni. Nimeandikiwa hapa nina mgonjwa wa macho na msindikizaji wake. Mgonjwa ni yupi nimsaidie?"

Mchapaji alikuwa bado anaikodolea macho ndege.

"Ni huyu mwanangu," Fundi akasema bila kupepesa. "Haoni vizuri, na aibu anayo. Mshike vizuri, usimwachie."

"Pole sana, kaka," mhudumu akasema, akamshika mkono taratibu. "Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Wewe fumba macho tu, nitakuelekeza. Hatua ya kwanza hiyo. Nyingine. Vizuri sana."

Akafumba macho. Alipanda ngazi ile akiongozwa kama kipofu, mama yake kashika pindo la shati lake, watu wakimpisha kwa huruma, mtu mmoja akimwambia Mungu atamsaidia, na yeye akiitikia amina. Nyuma yake, akipapasa migongo ya viti na kuihesabu kwa sauti, mama yake alikuwa anamwuliza abiria mmoja kama kile kiti cha dirishani kina mwenyewe.